Ndoa ya Kukamulia Blanketi

Mvuke alimposa jirani yake Jumanne asubuhi, akiwa na ndoo ya nywele mkononi, na kabla ya kumposa alimtukana kwanza.

"We Kipara," alisema, akiimwaga ile ndoo katikati ya sakafu ya kinyozi, "hizi ni nywele za wateja wako. Nimezitoa kwenye mashuka meupe ya hoteli. Mwenye hoteli nitamwambia nini? Kwamba mashuka yake yameota ndevu?"

Kinyozi hakushtuka. Alikuwa amezoea. Vyumba vyao vilikuwa katika jengo moja, vimetenganishwa na ukuta mmoja, huku dobi, kule kinyozi, na tangu afungue kazi mwanamke huyu alikuwa akimletea nywele zake nyumbani kama mtu anayerudisha kuku waliopotea. Mtaa ulimwita Kipara kwa sababu kichwani hakuwa na kitu, na hilo halikumharibia biashara hata kidogo. Wateja walisema fundi asiye na nywele hana wivu na za wenzake.

"Upepo huo, mama," alisema Kipara. "Mimi nanyoa tu."

"Basi kaunyoe na huo upepo." Mvuke akavuta pumzi puani, fyuu, kama pasi iliyomwagiwa maji. Jina lake lilitoka hapo hapo. "Halafu kuna jambo jingine. Unaweza kunioa?"

Mashine ya kunyolea ikaendelea kunguruma hewani bila kugusa kichwa cha mtu. Mteja kwenye kiti alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, na upande wa pili ulikuwa msitu. Akamtazama Mvuke kwenye kioo, akamtazama Kipara, kisha akasema kwa upole, "Mkubalie, bwana, unimalizie kichwa. Nina msiba wa kwenda."

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake Mvuke, aliyeitwa Mama Povu mtaa mzima, alikuwa amefariki mwanzoni mwa msimu wa baridi. Hakuwa amemzaa. Mvuke aliachwa juu ya kaunta ya dobi akiwa mchanga, ndani ya kapu la nguo chafu, amezungushiwa foronya, na aliyemwacha hakurudi. Mama Povu alingoja siku hiyo, akangoja na siku iliyofuata, halafu akaacha kungoja, akamnunulia chupa ya maziwa. Mvuke alikulia katikati ya mvuke na sabuni. Alijifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza ya pasi. Kitanda chake kilikuwa katika chumba cha nyuma, na mpaka sasa kilikuwa hapo hapo.

Mama Povu, siku alipojua hainuki tena, aliwaita dada yake mkubwa, mdogo wake wa kiume na wakili mmoja mwenye mafua, akatoa usia wake kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kinyozi. Dobi, jengo lake na kila kilichomo ni vya binti yake. Lakini dobi ni kazi ya mikono minne, akasema. Mashine inafua mashati, sawa, ila blanketi zito likishiba maji mashine hulia, hutetemeka, halafu huzima. Blanketi linakamuliwa na watu wawili. Kwa hiyo binti awe na mume kabla msimu huu wa mablanketi haujaisha, na huyo mume akamue blanketi pamoja naye mbele ya ukoo, kama walivyofanya wote. Ikishindikana, jengo achukue mdogo wangu. Na hapo akalala, ameridhika, kama mtu aliyefunga duka.

Huo ulikuwa ukoo wa madobi tangu babu wa babu yao. Kwao, sahihi kwa msajili ilikuwa mambo ya serikali. Ndoa yenyewe ilikuwa blanketi. Wanandoa wapya walipewa blanketi lililolowa, wakalikamua uani, halafu mkubwa wa ukoo akapitisha kiganja chini yake. Likidondosha hata tone, waliambiwa, "Bado hamjaoana nyie, nendeni mkazoeane," wakarudi nyumbani kwa aibu.

Mdogo wa marehemu, Mjomba, ndiye pekee aliyeuacha ufuaji. Aliuza matairi. Alilipenda lile jengo kwa macho yote mawili, na siku ya matanga alionekana akipima uwanja wa nyuma kwa hatua. "Hapa matairi ya malori," alisikika akimwambia mkewe. "Pale ya pikipiki. Kwa kinyozi, choo." Mvuke alipomwuliza yeye ataenda wapi, Mjomba alimjibu bila kumtazama, "Mwanangu, wewe ni mzigo wa mteja tu. Ulisahauliwa hapa. Dada yangu alikuwa na huruma, lakini huruma siyo ukoo."

Maneno hayo yalimkaa Mvuke kooni kama mfupa. Alitaka dobi, ndiyo. Hakujua kazi nyingine wala chumba kingine. Lakini zaidi ya dobi, alitaka siku moja aingie kwenye kikao cha watu wale na asionekane amekuja kuchukua nguo.

Ndipo akaichukua ile ndoo ya nywele, akaenda kumposa mtu aliyemchukia kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa karibu.

"Mjomba wako anataka kunifanya choo?" aliuliza Kipara, baada ya kuelezwa yote na kumaliza kile kichwa.

"Wewe na kioo chako."

Kipara akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajizungusha polepole mpaka akarudi alipoanzia. "Tuelewane basi. Naoa, nakamua, unapata dobi, nabaki na chumba changu. Halafu?"

"Halafu tunaachana. Vizuri, bila kelele."

"Na nywele?"

"Utaweka pazia."

"Wewe utaacha kunitupia sabuni?"

"Nitajitahidi," alisema Mvuke, na hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yao ya ndoa.

Kwa msajili walikwenda Ijumaa. Kipara alivaa shati alilopigiwa pasi na bibi harusi, likiwa gumu kiasi kwamba alipokaa lilibaki limesimama. Msajili, mama mmoja mwenye miwani inayoteleza, aliwauliza wamefahamiana vipi.

"Alinirushia kipande cha sabuni," alisema Kipara.

"Kikakupata?"

"Hapa," akaonyesha utosi. "Hakikuwa na kitu cha kukizuia."

Msajili akacheka mpaka miwani ikaangukia kwenye mhuri. Mvuke hakutaka kucheka. Alijiuma midomo, akavuta pumzi puani, lakini kicheko kikapata njia nyingine, kikatoka kama chafya, na katika ofisi ile yenye foleni ndefu ya watu waliokunja nyuso, bibi harusi na bwana harusi wakashikilia mikono ya viti wakicheka kama watoto waliofukuzwa darasani. Mvuke alirudi nyumbani akiwa na hasira. Hakuwa amepanga kucheka.

Kipara akahamia dobi, kwa sababu Mjomba alikuwa na tabia ya kupita pita. Alikuja na sanduku moja na kioo kidogo, akatandika juu ya rundo la mablanketi katika chumba cha pasi, akasema hajawahi kulala pazuri namna ile. Asubuhi yake wakaanza mazoezi.

Na hapo ndipo balaa lilipoonekana.

Kukamua blanketi si nguvu. Watu wawili wanaelekeana, kila mmoja ameshika ncha yake, na kila mmoja anazungusha kuelekea mkono wake wa kulia. Kwa kuwa mmeelekeana, kulia kwangu ni kushoto kwako, kwa hiyo blanketi linajisokota katikati na maji yanatoka. Mtoto wa dobi anajua hivyo kabla ya kujua jina lake. Lakini Kipara alikuwa ameishi maisha yake yote mbele ya kioo. Kila alichokifanya alikifanya akitazama upande wa pili. Mikono ya Mvuke ikielekea dirishani, na yeye anaelekea dirishani. Mvuke akielekea mlangoni, Kipara yupo, mlangoni. Blanketi badala ya kujisokota likazunguka hewani lote kwa pamoja kama kamba ya watoto ya kuruka, na maji yakabaki ndani yametulia, hayana habari.

"Kulia!" alipiga kelele Mvuke.

"Si ndiyo naenda!"

"Kulia kwako!"

"Hiki ni nini?" Kipara akainua mkono.

"Hicho ni kushoto, Kipara! Wewe unanyoaje watu? Watu wana masikio kweli wakitoka kwako?"

Siku ya kwanza walilowa wao, blanketi likabaki kama lilivyokuwa. Siku zilizofuata ilikuwa vile vile. Mwishowe Mvuke akagundua ugonjwa ulipo. Tatizo lilikuwa macho. Kipara akimtazama tu, mikono yake inageuka kioo. Akiangalia chini, kwenye blanketi, anazungusha vizuri kama mtu aliyezaliwa kwenye povu.

"Sikiliza," akamwambia. "Siku hiyo usinitazame. Hata kidogo. Tazama blanketi. Mimi sipo."

"Upo lakini."

"Sipo!"

Basi wakazoea. Walikamua kimya kimya, yeye ameinamisha kichwa, kipara chake kinang'aa juani, mikono yake inazunguka kama saa. Mvuke alikuwa na nafasi ya kumtazama apendavyo, kwa kuwa yeye hakukatazwa. Na hilo, kama ingekuwa mimi, ningelifikiria mapema. Aliona kwamba ana makunyanzi ya kucheka hata akiwa hachekeshwi na mtu. Aliona kwamba anaimba kwa pua akifanya kazi, wimbo usio na mwanzo, na kwamba wazee wasiojiweza anawanyoa na kisha anawashika mkono mpaka barabarani, akijifanya na yeye alikuwa anakwenda huko. Siku moja Kipara aliona vidole vya Mvuke vilivyopasuka kwa sabuni. Alikwenda kwake, akarudi na mafuta ya ndevu, akampaka kidole kimoja kimoja huku akigeuza uso pembeni, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimtazame.

"Hapa unaweza kutazama," alisema Mvuke. "Hatukamui."

"Aa, nisije nikazoea," alisema Kipara.

Kesho yake Mvuke alijikuta anapiga pasi leso ya Kipara, anaikunja, anaikunjua, anaipiga tena. Leso! Alikuwa na suruali za watu zimejaa mpaka dirishani. Akajisemea wewe mwanamke una kichaa, akaipiga pasi mara nyingine ili kuhakikisha. Nywele zilizidi kupeperuka kutoka kwa kinyozi, lile pazia halikuwa limenunuliwa, na yeye akawa anaziokota kwenye mashuka akitabasamu kama amepata sarafu. Hapo alijua ameumia. Aliwaza kumwambia. Lakini makubaliano yalikuwa makubaliano, yeye mwenyewe ndiye aliyesema tutaachana vizuri, na mtu aliyekuja kwako kwa ajili ya chumba chake huwezi kumgeuzia maneno katikati ya safari. Je, akikimbia? Blanketi atalikamua na nani?

Akarudi kwenye pasi.

Jumapili ya mwisho ya msimu ukoo ukajaa uani. Mama Mkubwa, dada yake marehemu, aliwekewa kiti katikati, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya mwanamieleka, iliyokamua mablanketi miaka yote ya uhai wake. Wakili alikaa karibu na hodhi la maji akipiga chafya. Mjomba alikuja na suti mpya ya rangi ya maziwa, amependeza kweli, akasimama mbele kabisa asipitwe na tone. Mkewe, Mkazamjomba, alikuwa na karanga kwenye karatasi na uso wa mtu aliyekuja kuburudika.

"Haya," alisema Mama Mkubwa. "Bwana harusi ndiye huyo anayeng'aa?"

"Shikamoo, Mama Mkubwa," alisema Kipara.

"Marahaba. Mikono hiyo imewahi kubeba kitu kizito kuliko kitana?"

Uwanja ukacheka. Likatolewa blanketi la kijivu, zito kuliko yote, likazamishwa kwenye hodhi mpaka likaacha kutoa mapovu. Watu wanne wakalinyanyua wakiguna, wakawapa maharusi ncha zao.

Walianza. Kipara aliinamisha macho, Mvuke akahesabu kwa kidevu kama walivyozoea, na blanketi likaanza kujisokota, safi, taratibu, bila neno. Maji yakatoka kama bomba lililofunguliwa. Wenye ukoo wakatazamana. Mjomba akaacha kutabasamu. Mvuke akajisemea moyoni: linakwenda! Linakwenda, mama yangu, linakwenda!

Lakini Mama Mkubwa alikuwa amekunja uso.

"Mbona kimya hivyo?" aliuliza. "Mimi na marehemu mume wangu tulipokamua la kwetu nilimwita punda. Yeye aliniita jina nisiloweza kulirudia mbele ya wakili. Dada yangu alimpiga mumewe teke. Hawa wanakamua kama wameajiriwa."

"Wamefundishwa!" alisema Mjomba, uso ukimng'aa. "Mwone hata hamtazami mkewe! Bwana harusi gani hamtazami bibi harusi siku yake?"

"Mtazame basi, mwanangu," alisema Mama Mkubwa kwa wema. "Hatukukatazi."

Mvuke akatikisa kichwa kidogo sana. Usithubutu. Lakini Kipara alikuwa ameshainua macho. Akamtazama, jasho linamtoka, nywele zimemganda usoni, mikono imeshika blanketi kama mtu aliyeshika usukani wa lori linaloteremka mlima, na alipoanza tu kumtazama hakuweza kuacha. Akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Mimi sitaki tuachane."

"Nini?" alisema Mvuke.

"Yale makubaliano. Siyataki tena."

Na mikono yake ikageuka kioo. Ikaanza kufuata ya Mvuke. Blanketi lililokuwa limekazwa kama kamba ya meli likapata nafuu, likajikunjua kwa nguvu zake zote, likamponyoka Kipara mkononi, likapiga duru moja pana ya uwanja na kumchapa Mjomba kifuani, pwaa, kwa uzito wa maji yote yaliyokuwa yamebaki. Wakili akapata yake. Karanga za Mkazamjomba zikaelea.

"Nilikwambia usinitazame!" alifoka Mvuke.

"Nisikutazame mpaka lini? Nimetazama blanketi, nimetazama viatu, nimetazama ukuta! Naujua ukuta huo kuliko aliyeujenga!"

"Na ukachagua leo? Sasa hivi? Na blanketi mkononi? Ulishindwa kuniambia jana?"

"Jana ulikuwa unapiga pasi leso! Ulikuwa umekasirika nayo, uliipiga kama imekukosea!"

"Sikuwa nimekasirika, mpumbavu wewe, nilikuwa nakupenda!"

Tone moja lilisikika likidondoka kutoka kwenye pua ya Mjomba.

Halafu Mjomba akaruka. "Mmesikia? Mmesikia nyote? Makubaliano! Walipatana kuachana! Hii si ndoa, ni mchezo wa kuigiza! Wakili, umesikia?"

Wakili akapiga chafya.

Mvuke alisimama na maji yakimtiririka mpaka miguuni. Angeweza kukana. Mama Mkubwa alikuwa anamtazama, na uongo mmoja mdogo ulikuwa tayari mdomoni, umepigwa pasi na kukunjwa. Lakini alikuwa ametoka kusema neno la kweli kwa sauti kubwa, na koo lake likawa limeipata ladha yake.

"Ni kweli," alisema. "Nilimwomba anioe ili nisipapoteze hapa. Tulipatana kuachana. Nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa. Hapa ndipo mahali pekee ninapoingia bila kubisha hodi. Dobi likiondoka, kwenu nitakuja kama nani? Nitasimama mlangoni kwa Mama Mkubwa niseme, samahani, nilikuwa naishi kwa dada yako?" Akajifuta uso kwa mkono uliolowa, jambo ambalo halikusaidia. "Nimewadanganya, na mkinifukuza mna haki. Ila huyu mtu sitaki kumwacha. Hilo nalisema sasa ili lisije likachelewa na lenyewe."

Kipara akatoa kicheko cha furaha, kidogo, cha kijinga, akakiziba kwa mkono.

"Basi imekwisha," alisema Mjomba, akikamua tai yake. "Amekiri. Jengo ni langu."

"Tulia," alisema Mama Mkubwa. "Wakili, usia wa mdogo wangu ulisema wapendane?"

Wakili alifikiri. "Hapana. Ulisema awe na mume, na wakamue."

"Msajili aliwaandika?"

"Aliwaandika."

"Basi mume anaye. Kwa sababu gani alimchukua, dada yangu hakuuliza."

"Lakini Dada!" Mjomba alikuwa karibu kulia. "Ndoa ya kupangwa kwa ajili ya jengo!"

"Na yetu?" aliuliza Mkazamjomba, akiokota karanga zake moja moja. "Wewe ulinifuata mimi au ghala la baba? Siku ya kwanza unakuja kwetu uliuliza paa lina ukubwa gani. Nikadhani ni mahaba."

Uwanja ukalipuka. Watu walishikana mabega, mtu mmoja akakaa ndani ya hodhi bila kukusudia. Mama Mkubwa alicheka mpaka kiti kikalalamika, kisha akainuka, akamwendea Mvuke, akamshika kidevu kwa mkono ule mkubwa.

"Nani kakwambia utabisha hodi kwangu?" alisema. "Nani? Mimi ndiye niliyekuosha siku dada yangu alipokutoa kwenye kapu, ulikuwa unanuka soksi. Ukija kwangu na kubisha hodi nitakuchapa." Akamwachia. "Lakini blanketi ni blanketi. Lizamisheni tena."

Likazamishwa tena, likaguniwa tena, wakapewa ncha zao. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuinamisha macho.

"Kulia kwako," alisema Mvuke.

"Najua kulia kwangu."

"Hujui! Unanitazama!"

"Nakutazama na ninajua! Nitabaki chumba cha pasi au nitahamia?"

"Unaniuliza hapa? Mbele ya watu?"

"Si wameshasikia yote! Na godoro lako ni jembamba, nimeliona!"

"Wewe unakoroma, nimekusikia mpaka uani! Kaza! Kaza, punda wewe!"

"Ehe!" alisema Mama Mkubwa, akipiga makofi. "Sasa naiona ndoa!"

Wakakaza, wakibishana juu ya godoro, pazia, nani ataamka kuwasha jiko la maji, mikono ya Kipara mara ikitaka kugeuka kioo na yeye akiirudisha kwa kelele, "Kulia! Kulia kwangu!" mpaka blanketi likawa nene na gumu kama mguu wa meza. Maji yakapungua, yakawa matone, matone yakakata. Mama Mkubwa akainama, akapitisha kiganja chini yake toka ncha hadi ncha. Akakiinua juu watu wote wakione.

Kikavu.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimleta mwenye hoteli mbio kutoka barabara ya pili, akidhani mashuka yake yameibwa.

Mvuke alikuwa bado ameshika ncha yake. Kipara naye hakuiachia ya kwake. Mtu alilazimika kuja kuwapokonya blanketi, na walipobaki mikono mitupu hawakujua waiweke wapi, basi wakashikana, wakasimama hivyo wakitabasamu kama watu waliopigwa picha wakasahau kuondoka.

Mjomba ndiye aliyewaamsha. Suti ya rangi ya maziwa ilikuwa imechorwa blanketi zima kifuani, kijivu, na kila uzi wa sufu ukionekana. Mkewe alikuwa ameshamvua koti na sasa anamvuta suruali nyuma ya kamba ya nguo, yeye anapinga, na mwishowe akatoka amezungushiwa shuka jeupe la hoteli kuanzia kwapani, vifundo vya miguu vinaonekana, heshima yote iko kwenye masharubu. Akaiweka suti juu ya kaunta.

"Hii itatoka?" aliuliza.

Mvuke akaingia nyuma ya kaunta. Aliipapasa suti kwa kidole, akainusa, kama alivyomwona Mama Povu akifanya tangu akiwa na kimo cha kaunta yenyewe. "Itatoka. Alhamisi. Suti kama hii, rangi kama hii, bei yake si ya shati, Mjomba."

"Bei?" Mjomba akaruka mpaka shuka likateleza, akalidaka. "Unataka kunitoza mimi? Mimi? Mjomba wako wa damu?"

Hakuwa ameona alichokisema. Watu wengine waliona. Mkazamjomba aliacha kutafuna. Mama Mkubwa akageuza kichwa polepole. Kipara, mlangoni, akashika fremu. Mvuke alibaki na suti mikononi, macho yamemtoka, na kitu kilichokuwa kimemkwama kooni tangu siku ya matanga kikashuka chenyewe, kikaenda zake.

"Nimesema nini?" aliuliza Mjomba.

"Hujakosea kitu, Mjomba," alisema Mvuke. "Umesema kweli. Mtu wa ukoo halipi." Akainama chini ya kaunta, akatoka na kopo la vibanio vya nguo na kapu la foronya mbichi, akamwekea mikononi. "Mtu wa ukoo anasaidia kuanika."

"Mimi? Nimevaa shuka?"

"Kamba ya kushoto," alisema Mvuke. "Na ukibana vibaya tutakurudisha ubane upya."

Mjomba akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, akamtazama hata wakili. Hakupata mtu. Akashikilia shuka kwa meno, akatoka uani na kapu lake, akanyanyua foronya ya kwanza juani, na ilionekana wazi, kwa jinsi alivyoikung'uta kabla ya kuibana, kwamba huyo naye alizaliwa dobi.